Safu ya Nyanya

Ujumbe uliingia simu ikiwa kwenye chaji, dukani kwa Mkwinda:
Msimu, Novemba hadi Aprili. Mkoa wa Lindi.
Mvua za wastani hadi juu ya wastani.
Chini yake injinia wa bonde kaongeza la kwake:
Somoe, ni asilimia sitini na tano.
Shusha bwawa mita moja kabla ya tarehe ishirini.

Mita moja.
Nilikwenda kuitazama pale ilipo,
kwenye rula ya bwawa, nyeupe na nyekundu,
toka tarakimu ya tano hadi ya nne:
kimo cha mtoto wa chekechea.
Kwa Biti Nalicho ni matuta yote ya nyanya hadi Krismasi.
Kwa Hokororo, mwenyekiti wa skimu,
ni vitalu vya mpunga, na mkopo wa mbolea
ambao haujui kusoma anga.

"Maji haya tumeyabania tangu Aprili," akasema kikaoni,
"leo uyamwage kwa sababu simu imeita?"
"Sitini na tano," nikajibu, "katika mia."
Biti Nalicho hakusimama. Aliuliza akiwa amekaa,
akichambua choroko kwenye ungo:
"Na hizo thelathini na tano, za nani?"

Shuleni nilijua asilimia. Nilipata vema.
Sikuambiwa kwamba ina wenyewe.

Lakini mwaka juzi hatukushusha.
Tuta lilitoa jasho kwanza, kisha likatoa sauti.
Usiku kucha nilipiga simu bondeni, jina kwa jina,
Nyengedi, Mtua, ondokeni,
na kulipopambazuka ufuta wa watu
ulikuwa umelala kifudifudi kwenye matope,
na Lukuledi imepita mlangoni mwa zahanati
kama mgeni asiyebisha hodi.

Basi nikashika usukani wa lango.
Mizunguko thelathini na minane kulifungua lote.
Nilizungusha, nikapumzika, nikazungusha,
siku sita, mchana na usiku,
maji yakitoka na ule mguno wao wa kuamshwa mapema.
Rula ilipofika nne nukta tatu tano, nikafunga.
Sentimita sitini na tano, si mia.
Niliita busara.
Ulikuwa woga tu, umevaa hesabu.

Mdomo wa mfereji wa juu ukabaki hewani.

Desemba ikaja na mawingu yake ya kupita.
Kipimamvua: sifuri. Sifuri. Milimita mbili. Sifuri.
Hokororo alinisalimia kwa nyusi.
Biti Nalicho hakuninunia.
Alimtuma mjukuu na kindoo,
ndani nyanya, ndogo kama gololi, ngumu,
na salamu: "Mwambie ndizo hizo."
Nilizipika. Tulizila. Zilikuwa chachu.

Januari, tarehe kumi na moja, mvua ikakumbuka njia.
Siku tatu. Sikulala.
Nilisimama na tochi mbele ya rula
nikiona tarakimu zikizama moja baada ya nyingine,
nikizitaka zile sentimita thelathini na tano nilizozibania.
Maji yakasimama vidole vinne chini ya utoro.
Vidole vyangu, nilivipima.

Asubuhi watu wakasema, umeona?
Injinia akaandika: Hongera, utabiri umetimia.
Hokororo akaagiza mbegu upya, akinikwepa kidogo.
Mimi nilifungua daftari la bonde.
Tarehe, kina, mvua, mizunguko ya lango, saini.
Safu tano, basi.
Nikachukua rula ya mwanangu,
nikachora ya sita pembeni, ikabana:
Nyanya, matuta kumi na mawili, Biti N.

Wataniuliza Mtwara hii ni nini.

Jana ujumbe mwingine:
wiki ijayo, mvua kubwa, asilimia arobaini.
Niliusoma mara mbili, nikavaa ndala,
nikalipita lango, usukani wake ungali umelowa,
nikashika njia ya kwa Biti Nalicho.
Hodi, nikasema.
Nimekuja na namba.